Sala ya Kufungulia Mkutano

Mwenyekiti wa mtaa aliingia jikoni kwangu huku hodi yake ikimfuata nyuma, akavuta kiti na kukaa.

"Mama Sala, Jumamosi unatufungulia mkutano."

"Mkutano gani?"

"Wa barabara, awamu ya pili. Mgeni rasmi anatoka wizarani. Wananchi wakiridhia, fedha zinaachiwa, kazi inaendelea. Wewe ni sala tu. Lakini fupi, mama. Siyo zile zako."

Mdogo wangu alikuwa mlangoni akimenya viazi, amekaa kwenye baiskeli yake ya magurudumu matatu anayoiendesha kwa mikono. Miguu yake ilikataa kazi tangu utotoni. Mdomo wake haujawahi kukataa.

"Mwenyekiti, umekosea mtu," alisema. "Huyu dada yangu akifumba macho, chai inapoa. Tukisikia amefika kuwaombea wagonjwa ndiyo tunajua amefika nusu."

Mwenyekiti alicheka. Mimi sikucheka.

"Kutakuwa na maswali?" niliuliza.

"Ratiba imejaa. Mwenye swali aje ofisini kwangu."

"Ofisi yako iko ng'ambo," mdogo wangu alisema. "Nije kwa kuruka?"

Mwenyekiti akatazama saa, akakumbuka kwamba anasubiriwa mahali.

Nieleze hiyo ng'ambo. Zamani barabara yetu ilikuwa nyembamba na ina taa. Taa ikiwa nyekundu, magari yalisimama, na mdogo wangu alivuka kwenda kazini akiwasalimia madereva kama bibi harusi. Anashona sare za shule katika karakana iliyo upande wa pili. Kutoka dirishani kwetu unaiona mashine yake.

Kisha serikali ikatenga fedha za kupanua barabara. Walikuja na michoro, wakaitundika kwenye ukuta wa shule, tukaitazama mtaa mzima. Kulikuwa na daraja la waenda kwa miguu, lenye mteremko mrefu usio na ngazi, na juu yake wamechora mtu kwenye kiti cha magurudumu.

"Huyo ni mimi," mdogo wangu alisema. "Ila mimi suti sina."

Tuliridhia. Wakang'oa taa, wakapanua njia, wakajenga ukuta wa zege katikati. Daraja halikuja. Tulipouliza, tukaambiwa bajeti imefanyiwa marekebisho. Marekebisho yenyewe tuliyaona kwa macho: kule kwenye mzunguko, wanakopita wageni wa serikali, walisimamisha nguzo za taa za rangi na kupanda majani laini. Gari la maji linakuja kuyanywesha kila asubuhi. Na mbele ya nyumba yangu wakaweka bango kubwa: KODI YAKO IKO KAZINI.

Kwenye ule ukuta wa zege mafundi waliacha upenyo wa kupitisha matrekta. Mdogo wangu alijaribu kuvukia pale mara moja. Hakuna gari lililosimama, na kioo cha lori kilimchania mkono wa blauzi. Tangu hapo anazunguka hadi kule kwenye majani, pembeni mwa malori, anafika kazini amechelewa na uso umejaa vumbi. Wiki ile mwenye karakana alimwambia, "Fundi, Jumatatu ukichelewa tena, mashine nampa mwingine." Mdogo wangu aliniambia hayo huku anacheka, halafu akaenda kuoga, akakaa huko muda mrefu.

Siku ile, baada ya mwenyekiti kuondoka jikoni, mdogo wangu alinishika mkono.

"Dada, usinitaje pale mbele."

"Kwa nini?"

"Ukinitaja, nageuka ombaomba. Watanipa mchele na kiti kipya, watapiga picha, mambo yameisha. Mimi sitaki kiti. Nataka kuvuka."

Nikamwahidi.

Mimi ni dobi wa hospitali. Mashuka ya majeruhi hupita mikononi mwangu, na tangu barabara ile ifunguliwe yameongezeka. Shuka lenye damu unaliloweka kwenye maji baridi, kwa sababu maji ya moto yanaigandisha damu. Siku zile zote nikiwa juu ya maji baridi nilimwomba Mungu aniondolee hasira, maana niliogopa kupanda nayo mbele ya watu na kuipa jina lake. Niliomba kwa unyofu kabisa. Hakuniondolea.

Jumamosi waliweka turubai la meza kuu na viti vyenye vitambaa vyeupe. Sisi tulisimama juani. Ratiba ilisomwa: sala, utambulisho, hotuba, wananchi kuridhia, burudani. Mshereheshaji akasema tusimame na tufumbe macho, akanipa kipaza sauti, akaninong'oneza, "Dakika moja, mama."

Nikaanza kama kawaida. Nikashukuru kwa uhai, kwa siku, kwa mgeni rasmi kufika salama. Hapo ndipo ningesema amina. Mdomo ukakataa kufungika.

"Mungu wetu, tunakushukuru pia kwa fedha za barabara hii, kwa sababu ni zetu. Ni za muuza nyanya anayetozwa ushuru kabla hajauza. Ni za kinyozi. Ni za sisi tunaokatwa mshahara kabla hatujaushika. Zilitoka kwetu, na daraja lilikuwamo. Tuliliona kwenye mchoro, Baba. Na wewe uliliona."

Kiti kikatoa mlio pale meza kuu.

"Mama, muda," mshereheshaji alininong'oneza.

"Mungu wetu, mtumishi wako ananikumbusha muda. Mpe na yeye muda wa kusimama kando ya barabara hii ameshika mkono wa mtoto, asubiri gari la kumwonea huruma. Nayafua mashuka ya waliochoka kusubiri. Unayajua, maana umewapokea wengine. Wewe unayenywesha majani, tazama majani yanayonyweshwa huku watu wakikanyagwa."

"Amina," mshereheshaji alisema kwa sauti kubwa kwenye kipaza sauti kingine.

Hakuna aliyeitikia. Nikadhani nimeachwa peke yangu. Ndipo nikasikia sauti ninayoijua, kutoka nyuma kabisa.

"Bado hajamaliza."

Sala haikatizwi na mtu. Mgeni rasmi alilijua hilo, mwenyekiti alilijua, na mpiga picha wa gazeti alikuwa palepale mbele yao. Nikaendelea.

"Aliyelitoa daraja kwenye bajeti, kama yuko hapa, Bwana, mfumbue macho atutazame."

Na mimi, ambaye sijawahi kufumbua macho katikati ya sala, nikafumbua yangu. Mgeni rasmi alikuwa amefumba yake mpaka paji la uso limejikunja. Mhandisi wa barabara, aliyekaa kando yake, naye vilevile. Mwenyekiti alikuwa ameinamisha kichwa karibu na magoti. Meza kuu nzima ilikuwa imefumba macho kama watoto wanaosubiri sindano. Nikageuka kwa watu wangu. Wao walikuwa macho, wote, wanaitazama meza kuu.

"Baba," nikasema, "leo sisemi amina. Nitaisema siku daraja litakaposimama. Na hawa wasiniitikie kabla ya siku hiyo."

Nikaweka kipaza sauti mezani, nikaenda kusimama na mdogo wangu.

"Haya, tukae, tuendelee na utambulisho," mshereheshaji alisema.

"Tuendelee na nini?" kinyozi wetu wa mtaani alimuuliza. "Ratiba inasema mkutano unafunguliwa kwa sala. Sala haijafungwa. Mkutano haujafunguliwa."

"Mzee, usituletee vichekesho."

"Nani anacheka?"

Hakuna aliyekuwa anacheka. Hakuna aliyekaa, wala aliyepiga makofi, wala aliyenyoosha mkono kuridhia. Mgeni rasmi akafumbua macho hatimaye, akanong'onezana na mhandisi, akasema kazi za kitaifa zinamwita na shughuli imeahirishwa. Gari lake lilikuwa limeegeshwa upande wetu. Yeye hakuwa na haja ya kuvuka.

Mwenyekiti alinifuata. "Umetunyima fedha za barabara, mama. Unajua ulichofanya?"

"Nimewanyima amina tu," nikamjibu. "Fedha waulizwe walionazo."

Njiani mdogo wangu akasema, "Umesema mtoto. Mtoto gani?"

"Ulinikataza kukutaja."

"Sawa. Lakini Jumatatu iko palepale."

Jumatatu tulitoka mapema. Nilitegemea tungezunguka kwenye majani kama siku zote. Lakini kando ya barabara, mbele ya ule upenyo, alisimama kinyozi na aproni yake. Pembeni yake muuza nyanya na beseni kichwani. Nyuma yao walikuwa wengine, hata wasiofanya kazi ng'ambo. Hatukuwa tumepatana lolote.

Kinyozi alishuka barabarani kwanza, akanyoosha mkono. Tukashuka wote, mdogo wangu katikati yetu. Breki zikalia, honi zikaanza, mtu mmoja akatutukania mama zetu. Lori lililokuwa mbele lilisimama karibu kiasi cha kusikia joto la injini yake usoni. Dereva akatoa kichwa dirishani.

"Nyie, mnamaliza saa ngapi?"

Mdogo wangu alikuwa anazungusha pedali kwa mikono, taratibu, kama mtu aliye uani kwake. Akaniashiria kwa kidevu.

"Muulize huyu. Tangu Jumamosi bado anasali."

Alifika kwenye mashine yake mapema kuliko mwenye karakana. Jioni tukamvusha tena, na kesho yake tena. Daraja bado hakuna. Hasira bado ninayo: kila asubuhi naipeleka mbele za Mungu, na kila asubuhi ananirudishia, naishika, nashuka nayo barabarani.