Mjomba Hafoki

Saa mbili kasoro robo asubuhi Mama Poda alimkalisha shemeji yake mbele ya kioo, akamfunga taulo shingoni, akaanza kumsugua uso kwa sifongo kwa hasira, mpaka mzee wa watu akafumba jicho moja.

"Shemeji, huu uso bado nina kazi nao."

"Basi ufanyie kazi! Leo mfokee yule mwanamke mfagizi mbele ya kamera. Mara moja tu. Gonga meza, toa macho. Utapungukiwa nini?"

"Mjomba hafoki."

"Mjomba atafukuzwa, na wewe pamoja naye!"

Twende taratibu, maana Mama Poda akikasirika huanzia habari katikati. Alikuwa mpambaji wa nyuso katika kituo cha televisheni, mwaka wa kumi na saba huo, na mji mzima ule hapakuwa na shavu maarufu ambalo hakuzijua chunusi zake. Shemeji yake, mume wa marehemu dada yake, alifundisha jiografia miaka thelathini akastaafu, na mpaka leo kila mtu anamwita Ticha. Miezi kumi iliyopita Mama Poda alimburuta, sina neno jingine, akamleta kwenye usaili wa tamthilia ya upelelezi inayorushwa kila Ijumaa. Wakampa nafasi ya Mjomba, mkuu wa genge, ambaye kufikia wiki hii alikuwa amewamaliza watu wanane.

Shida ni kwamba Ticha alimcheza kwa upole. Mwenye kituo, ambaye wote walimwita Bosi, alikuwa amechoka kabisa. "Jambazi gani huyu?" alisema kikaoni. "Anaongea kama anauguza mtu!" Leo angekuja mwenyewe kukaa nyuma ya kamera. Asiporidhika, Mjomba angekufa kwa ajali ya gari na genge lingeshikwa na mdogo wake, na huyo mdogo angechezwa na jamaa wa miraba minne aliyeitwa Bonge. Bonge alikwisha fika. Alikuwa koridoni, koti la ngozi mwilini, akijaribu kicheko chake. "Ha! Ha! Haaa!" Ukuta ulikuwa unaitika. Mwenyewe muungwana kabisa, tangu asubuhi keshamwamkia Mama Poda mara mbili kwa kusahau.

"Unamsikia?" Mama Poda aliuliza. "Huyo ndiye wanayemtaka."

"Namsikia. Kijana ana mapafu." Ticha aliinua kidevu apakwe shingoni. "Lakini mtu anayekufokea ujue anakuogopa. Mjomba hamwogopi mtu. Mjomba anampenda yule anayemmaliza. Anamtaka mzima, mpaka kile alichokificha chini kabisa. Watu wanafikiri anajifanya. Hajifanyi, shemeji."

"Wee! Mapenzi gani hayo, na kamba mkononi?"

Alicheka, lakini kwa neno lile la kuficha akageuka kutafuta brashi ambayo alikuwa ameishika.

Maana Mama Poda alikuwa na lake. Miaka sita nyuma, dada yake alipokuwa hoi hospitalini, alimwambia, "Mpigie mume wangu aje." Ticha alikuwa amekwenda nyumbani kuoga, dakika ishirini tu kutoka pale. Mama Poda akatoka nje ya wodi, akaishika simu, hakupiga. Akarudi akasema, "Nimempigia, yuko njiani." Kwa nini? Jibu alikuwa nalo, ndiyo sababu hakumwambia mtu. Aliona wivu. Dada ndiye aliyemlea, akamsuka, akamsomesha, halafu akaja mwanamume akamchukua miaka ishirini na miwili. Ile saa moja aliitaka iwe yake, na kweli ikawa yake. Ticha alipofika, shuka lilikwisha kufunika uso. Tangu siku hiyo Mama Poda alimpikia kila Jumapili, alimfulia mapazia, alimtafutia na huyu Mjomba ili apate sababu ya kuamka asubuhi, na kila siku alimwomba Mungu asijue. Ndugu mwingine hakuwa naye duniani. Ticha akijua tu, basi tena, kwishney.

Mlango ukafunguliwa bila hodi. Alikuwa dairekta, mwanamke mwembamba asiyejua kukaa.

"Mama Poda, mwigizaji wetu wa mfagizi amevimba jino, mdomo haufunguki. Na Bosi keshakaa. Njoo ukae wewe."

"Mimi? Mimi nimeigiza lini?"

"Huigizi. Kamera iko kwa Ticha tu, wewe utaonekana kisogo. Una maneno matatu: 'Sijamwambia mtu yeyote.' Akikuuliza chochote, sema hayo hayo. Sauti tutabandika ya mwenyewe baadaye. Twende!"

Wakamvalisha vazi la ufagizi, wakamkalisha kwenye chumba cha kuigizia kilichopangwa kama stoo: meza moja, viti viwili, ndoo, na nyuma ya kiti chake vijana wawili wa genge wamesimama. Kisa chenyewe kilikuwa hivi: mfagizi amemwona Mjomba akificha maiti, na Mjomba anataka kujua amemwambia nani. Akishajua, mfagizi hatoki mzima. Nyuma ya taa Bosi alikuwa amekunja nne, kikombe cha chai mkononi, na mlangoni Bonge alichungulia ajifunze.

Ticha akaingia. Kwa mujibu wa maandishi alitakiwa akae ng'ambo ya meza na kumkazia macho. Hakufanya hivyo. Alikinyanyua kiti, hakukiburuta, akazunguka nacho na kukiweka kando yake, wakawa wanatazama upande mmoja kama watu wanaosubiri zamu kwa daktari. Mpiga picha alilaani kimoyomoyo akamfuata.

"Umekula?" aliuliza.

"Sijamwambia mtu yeyote."

Mtu mmoja nyuma ya taa aliguna kwa kicheko. Ticha hakugeuka.

"Sijakuuliza hilo. Nimekuuliza kama umekula."

Mama Poda alitafuta maneno yake matatu, hayakufaa. "Sijala," alisema, na ilikuwa kweli.

Ticha alitikisa kichwa, ikamuuma waziwazi. Akauliza habari za magoti yake, maana kazi ya kusimama kutwa hiyo. Yanamuuma? Yanamuuma. Tangu lini? Nani anayemkanda akirudi nyumbani? Hakuna. Kila jibu alilipokea, akalingoja likae, ndipo akauliza jingine. Na alikuwa anamtazama. Jamani, alikuwa anamtazama! Miaka kumi na saba Mama Poda ameshika nyuso za watu, akijua huyu ana makovu na yule ana vipele, na katika wote hao hakutokea mmoja aliyeutazama wake hata kwa bahati mbaya. Aliitafuta hila katika uso ule. Kila kunyanzi chake alikijua, alikuwa amekipaka mwenyewe nusu saa iliyopita. Hila haikuwamo.

"Utakuwa umechoka," Ticha alisema, "kulibeba peke yako."

"Sijamwambia mtu yeyote." Safari hii maneno yalitoka yenyewe, na hayakuwa ya mfagizi.

"Najua hujamwambia. Ndiyo maana umechoka." Akauchukua mkono wake, akauweka katikati ya viganja vyake viwili. "Nipo hapa."

"Sikukupigia simu," Mama Poda alisema. Akajisikia akisema, akataka kunyamaza, hakuweza, na cha kushangaza zaidi hakutaka tena kuweza. "Aliniambia nikupigie, nikasema nimepiga. Sikupiga. Nilitaka awe wangu. Alikufa mikononi mwangu na wewe uko nyumbani unaoga."

Mkono haukuachiwa. Kidole gumba kilimfuta chozi polepole.

"Najua," alisema. "Najua, mama. Ahsante kwa kuniambia."

Akasimama. Kiti alichokalia akakisukuma chini ya meza taratibu, kikakaa sawa. Kisha akainua macho juu ya kichwa cha Mama Poda, akawatazama wale vijana wawili wa genge waliosimama nyuma yake, akawaashiria kwa kichwa. Na lile pendo, haki ya nani, lilikuwa bado lipo usoni! Halikupungua hata chembe. Alikuwa ametoa amri ya kifo kwa uso ule ule aliomuulizia magoti.

Dairekta akasema, "Kata," kwa sauti ya mtu aliye matangani. Kikombe cha Bosi kilikuwa kimesimama nusu ya safari kwenda mdomoni, na suruali yake ilikuwa imelowa chai asijue. Mlangoni Bonge alivua lile koti la ngozi, akalikunja vizuri.

"Mimi hiyo siwezi," alisema. "Mimi najua kucheka tu."

"Hakuna ajali ya gari," Bosi alisema. "Nani alisema habari za ajali?"

Dairekta alimshika Mama Poda bega. "Hiyo ya simu umeitoa wapi? Nzuri sana! Tutaiandika."

Mama Poda alirudi chumbani kwake, na Ticha akamfuata, akafunga mlango, akakaa kwenye kiti chake cha kila siku. Walitazamana kupitia kioo.

"Aliyesema 'najua' ni nani?" Mama Poda aliuliza. "Ni Mjomba au ni wewe?"

"Ni mimi. Nesi aliniambia jioni ile ile. Alikuona umetoka na simu, ukarudi bila kuongea na mtu, kisha akakusikia ukimwambia niko njiani."

"Miaka sita?"

"Miaka sita."

"Na Jumapili zote zile, unakula chakula changu, unasema ahsante shemeji?"

"Mwaka wa kwanza nilikuja nikuone unavyohangaika," Ticha alisema. "Kila nikikushukuru ulikosa pa kuweka macho. Ilinipendeza, sikufichi. Nikazidisha shukrani. Baadaye, sijui ni lini, nikajikuta nashukuru kweli. Sauti ile ile, maneno yale yale. Hata mimi sikuona nilipovuka. Ulidhani Mjomba nimemtoa wapi?"

Mama Poda aliketi juu ya kreti ya mafuta ya nywele. Miezi kumi alidhani jambazi yule anatoka kwenye brashi zake.

"Na leo umenitumia ili ubaki na kazi."

"Nimekutumia. Na nilitaka kukusikia ukisema. Yote mawili, shemeji, yalikuwa ndani ya mkono mmoja."

Alitaka kumwita mnyama, neno likafika kwenye meno likarudi. Alijikumbuka kando ya kitanda kile, akimpapasa dada yake paji la uso huku akimdanganya. Hakuwa anajifanya. Hakuwahi kumpenda mtu kama alivyompenda dada yake dakika ile. Aliogopa, na ndani ya ile hofu mlikuwa na kitu kikubwa kiasi kwamba alitamani kuvua viatu, kama anayeingia mahali patakatifu.

"Sasa niambie," Ticha alisema. "Alipodhani niko njiani, alifanya nini?"

Angeweza kutunga lolote. Hakutunga.

"Alifurahi. Akasema nimfunge kilemba vizuri, usije ukamkuta ovyo. Nikamfunga. Akakikataa, akataka kile cha bluu. Nikabadilisha. Akageukia mlango. Hakuuliza tena, alikuwa anakungoja tu, ametulia kabisa."

Ticha alijifunika uso kwa mikono miwili, kazi yote ya asubuhi ikahamia viganjani. Nje mtu alipita akiita, "Ticha, dakika tano! Tunarudia upande wa pili!"

"Cha bluu," alisema ndani ya mikono.

"Cha bluu."

Alipoishusha mikono, uso ulikuwa na mistari mistari, nusu mzee, nusu Mjomba.

"Niambie tena, shemeji. Polepole."

Sauti ilikuwa ile ile aliyomsemeshea mfagizi, haikuzidi wala haikupungua. Mama Poda aliisikia wazi kabisa, na akamweleza tena, tangu mwanzo.