Kufuli Mbili kwenye Swichi Moja

Saa moja na dakika tano asubuhi, feni mpya ilikuwa juu ya paa la kiwanda cha jodari mjini Lautoka, imekazwa boliti nne kati ya nane. Vilikesa Naborisi alikuwa amepiga magoti kando yake akikaza ya tano. Bati lilikuwa limeshapata moto wa kuchoma goti, na jua bado halijapanda juu.

Chini yake kulikuwa na chumba cha kuchemshia samaki, kilichofungwa tangu Jumamosi. Feni ya zamani ilikuwa imekufa beringi, mvuke ukakosa pa kutokea, wanawake wa zamu wakawa wanachambua samaki bila kuonana nyuso. Mkaguzi wa afya akabandika mlangoni muhuri wa kusimamisha kazi mpaka feni mpya ipite kipimo, mafundi tu wakiruhusiwa kuingia. Makereta, meneja, alitaka kumwita mkandarasi wa mjini Suva kama kawaida. Vilikesa, dereva wa foklifti kwa miaka sita na mshika spana wa dharura, alimwambia hakuna haja: feni ataifunga yeye na kuitunza yeye. Makereta alimjibu kwamba ikipita ukaguzi, kazi zote za paa ni zake. Isipopita, atarudi kwenye foklifti na asimsikie tena akilitaja paa.

Umeme ulikuwa kazi ya Sakeasi, fundi umeme wa kiwanda na tavale wake, mtoto wa shangazi yake. Matavale ni watani wa kuzaliwa. Tavale akikuomba kitu humnyimi, akikufanyia mzaha hukasiriki. Atakayekasirika ndiye aliyeshindwa, na kijiji kizima kitapata habari. Wiki iliyotangulia Sakeasi alimjazia magamba ya samaki ndani ya helmeti, na Vilikesa akaivaa mbele ya wanunuzi wageni. Alicheka, kama inavyotakiwa, ila kwa meno tu.

Sakeasi naye alikuwa na jambo moja la kujivunia, na hakulificha: kwa miaka kumi na minne hajawahi kufunga mota ikazunguka kinyume. Umeme wa fezi tatu una nyaya tatu za moto. Ukibadilisha nafasi za mbili kati ya hizo, mota inageuza mwelekeo. Vilikesa alifundishwa hilo na Sakeasi mwenyewe.

Saa mbili na nusu Sakeasi alimaliza kuunga nyaya kwenye kisanduku cha paa, akashuka kumalizia kabati la umeme la chini, nyaya hizohizo zinakoanzia. Swichi kuu ilikuwa imezimwa na kufuli zao zote mbili zinaning'inia hapo, kwa sababu kila anayegusa nyaya hutundika kufuli yenye jina lake, na swichi haiwashiki mpaka kila mwenye kufuli aitoe. Vilikesa alifungua kisanduku, akabadilisha nafasi za nyaya mbili, akafunga. Ilimchukua dakika tatu. Feni ingezunguka kinyume kwenye jaribio, Sakeasi angeumbuka mbele ya Makereta, kisha mambo yangerekebishwa. Mkaguzi alitarajiwa saa nane mchana.

Saa tatu na dakika ishirini kufuli zilitolewa, Makereta akawasha. Feni ilizunguka sawasawa, kufuata mshale uliochorwa kwenye ganda lake.

Vilikesa aliutazama mshale, akalitazama gurudumu la feni, akautazama tena mshale. Sakeasi hakuwepo kuulizwa. Alikuwa ametoa kufuli yake na kuitwa kwenye mashine ya barafu kabla feni haijawashwa. Huenda aliugundua mzaha na kuzirudisha nyaya wakati Vilikesa akinywa chai, ingawa Sakeasi kugundua jambo kama hilo na kunyamaza lilikuwa jambo lisilowahi kuonekana. Chini, Makereta aliweka karatasi kwenye mdomo wa bomba la kufyonzea mvuke, ikang'ang'ania hapo. Alifurahi, akazima ili gundi ya kuzuia maji ikauke vizuri. Vilikesa aliamua kuacha kila kitu kilivyo. Mzaha uliokufa wenyewe hauwekewi matanga.

Saa tano kasoro dakika tano, gari la mkaguzi liliingia. Bwana Jagdishwar alisema ana kazi nyingine katika mji wa Ba mchana, kwa hiyo ameamua kuanzia hapa. Alivaa mabuti yake bila haraka. Masufuria yalipoanza kutoa mvuke, Makereta aliwasha feni, naye mkaguzi akainua kipima upepo. Kilichotakiwa ni nusu mita kwa sekunde. Kipimo kilisoma sifuri nukta moja nane, kisha miwani yake ikafunikwa na mvuke.

Vilikesa alipanda ngazi mbio. Gurudumu lilikuwa linakwenda kinyume na mshale. Feni ya namna ile ikigeuka bado hutoa hewa, ila kidogo, kama mtu anayepuliza chai. Mzaha wake ulikuwa umefika, na ulikuwa umechelewa njiani.

Alishuka, akaomba dakika kumi, akazima, akatundika kufuli yake, akapanda tena na kurudisha nyaya zilivyokuwa. Alipokuwa juu, Sakeasi alitokea kwenye mashine ya barafu, akatundika kufuli yake na kuingiza mikono kwenye kabati. Wakatoa kufuli zao. Makereta akawasha.

Sifuri nukta moja nane.

Bwana Jagdishwar alifuta miwani, akasema atasubiri jaribio moja tu zaidi. Sakeasi alimvuta Vilikesa nyuma ya rundo la kreti. Jasho lilikuwa linamtoka mpaka kwenye kope.

"Tavale, ni mimi," alinong'ona.

Alieleza vipande vipande. Asubuhi alikuwa amebadilisha nyaya mbili ndani ya kabati, ili feni ya Vilikesa izunguke kinyume na Makereta amcheke, maana fundi wa miaka kumi na minne asingeshukiwa. Aliposikia mkaguzi amewahi, alikimbia kuzirudisha, mkaguzi akiwa bado anavaa mabuti. Feni ikageuka. Akadhani amechanganya, akazibadilisha tena. Bado imegeuka.

"Miaka kumi na minne, tavale. Leo sijui mbele wala nyuma."

Vilikesa alipiga hesabu. Asubuhi, mageuzo mawili yalifutana. Sakeasi alipoondoa lake, lilibaki la Vilikesa. Kisha Vilikesa alipoondoa lake, Sakeasi akalirudisha lake, likabaki moja vilevile. Sasa nyaya za juu zilikuwa sahihi. Sakeasi akizirudisha za kabati, feni itapona, lawama zote zitakuwa zake, na paa litakuwa la Vilikesa. Aliifurahia hesabu hiyo.

Makereta alikuja nyuma ya kreti. Mkononi alikuwa na kufuli mbili.

"Hizi zilikuwa mbili kwenye swichi," alisema, akimwonyesha Sakeasi kwa kidevu. "Huyu nilimwona kwenye kabati. Wewe ulipanda kufanya nini?"

"Kurudisha nyaya, bosi."

"Alizounga nani?"

"Yeye."

"Alizogeuza nani?"

Vilikesa alitazama kufuli yenye jina lake. "Mimi."

Sakeasi alikaa juu ya kreti taratibu, akaanza kucheka mpaka mabega yakatikisika. "Na mimi nikajiona mjanja," alisema.

Makereta hakuwa tavale wa yeyote kati yao. Alikuwa huru kukasirika, na alikasirika kwa kirefu. Kisha akaitia kufuli ya Vilikesa mfukoni, akamsimamisha kando ya mkaguzi huku mikono yake ikionekana, na kumtuma Sakeasi peke yake kwenye kabati.

Saa sita kasoro dakika sita kipimo kilisoma sifuri nukta tano saba. Bwana Jagdishwar alipima mara tatu, akabandua muhuri, akauliza jina la mtunza feni. Makereta alikaa na kalamu hewani juu ya fomu ya ukaguzi kwa muda ambao Vilikesa hakuupenda. Aliandika Vilikesa Naborisi. Chini yake akaongeza sharti kwa mkono wake: kisanduku cha paa hakitafunguliwa ila Sakeasi awepo na atie sahihi, na kabati la chini halitafunguliwa ila Vilikesa awepo na atie sahihi.

Vilikesa alilisoma mara mbili.

"Usikasirike, tavale," alisema Sakeasi.

"Nani amekasirika?" alijibu Vilikesa, upesi kidogo.

Saa sita na dakika nne alitia sahihi. Sakeasi alitia yake chini, kwa herufi kubwa zaidi.