Wanaocheka Sebuleni

Mpima macho alikuwa jikoni anakata vitunguu, na mumewe, fundi wa majokofu, alikuwa sebuleni akitazama kichekesho cha jioni. Katika kichekesho hicho kuna bwana mmoja ambaye kila mkewe akifungua mdomo huuliza, "Huyu kitufe chake cha kuzima kiko wapi?" na watu wasioonekana huangua kicheko. Jioni hiyo umeme ulikatika. Runinga ikazimika, kicheko kikaendelea.

Kilitoka kwenye kabati la vyombo, kikazunguka kochi, kikatulia. Fundi alibonyeza rimoti mara kadhaa, akaiweka chini.

"Chakula bado?"

"Nilichelewa kazini, wagonjwa walikuwa—"

"Huyu kitufe chake cha kuzima kiko wapi?"

Sebule nzima ikacheka. Fundi, ambaye kazini hakuna aliyewahi kumchekea hata kwa hisani, akajinyoosha kwenye kochi.

Tangu hapo mume na mke wakakaa na wachekaji hao. Majirani waliowasikia walisema nyumba ile ina furaha. Fundi akimwita mkewe gunia, wanacheka. Akimrushia sahani, wanacheka. Kilichomtia mpima macho hofu ni kwamba baadaye walianza mapema: fundi angali anapanda ngazi, ufunguo haujagusa kitasa, wao wameshaanza. Kadiri walivyocheka kwa nguvu, ndivyo jioni ilivyokuwa mbaya. Akiwasikia, alificha visu na kuvaa viatu.

Siku aliyokabwa shingo walicheka mpaka baadhi yao wakapaliwa.

Asubuhi yake alikwenda kwa shemeji yake mkubwa, mtu mzima anayesuluhisha ndoa za ukoo mzima.

"Shemeji, ndugu yako amenikaba," akasema, akashusha kola amwonyeshe alama.

Kicheko kilikuwa kimemfuata mpaka pale, kikaifunika sauti yake. Shemeji alijizuia, mabega yakamtikisika, mwisho akafuta machozi.

"Nisamehe, shemeji. Hebu rudia."

Akarudia. Shemeji akashika mbavu.

"Yule mtu ana vituko! Mvumilie. Mume ni mtoto mkubwa."

Kutoka hapo mpima macho alipanda basi, hakurudi nyumbani. Akaenda kwa mama yake, mjane aliyekuwa akiishi peke yake. Mama aliiona shingo, akamimina chai. Wakanywa. Mara kicheko kikaanza, kidogo kidogo, upande wa dirishani. Mpima macho akaweka kikombe chini.

Mama hakugeuka. "Kumbe kwenu pia wapo," akasema. "Kwetu waliingia na redio."

"Baba alipofariki hawakuondoka?"

"Waende wapi?"

Kicheko kikapanda, kikajaa chumba, madirisha yakagongana na fremu zake. Mpima macho akamshika mama yake kiganja, akakikuta kimelowa jasho.

"Mama, anakuja. Tusifungue."

Hodi ikapigwa, taratibu, kwa adabu zote.

"Hodi, mama! Ni mkweo. Nimemfuata mwenzangu, ana hasira kidogo tu."

Mama aliutazama mlango. Kisha akajitoa mkononi mwa bintiye, akanyoosha gauni lake, akaweka kikombe cha tatu mezani, akaenda kufungua.

"Karibu, baba," akasema.

Fundi akaingia, na chumba kizima kikampigia makofi.