Ghala la Bondeni

Mwaka 1996 mtafiti mmoja kutoka Dar es Salaam, Leonidasi, alifika Busunzu kuwauliza wanakijiji mto wao hufurika hadi wapi. Pasikali, mume wa Winifrida, alitembea naye siku tatu. Alimwonyesha mistari ya matope ya zamani kwenye miti, akamwambia, "Ukiona siafu wanahamisha mayai kupanda mlima, toka bondeni. Maji hayakawii."

Leonidasi aliandika yote, akashukuru. Lakini ripoti yake ilipofika wilayani Kibondo ilisema hizo ni hadithi za wazee, hazina ushahidi. Bonde ni salama, na ghala la mbegu lijengwe huko, karibu na barabara. Likajengwa. Pasikali akapewa kazi ya kulilinda.

Mvua za mwishoni mwa 1997 zililifunika bonde lote. Pasikali alipatikana siku ya tatu, amenasa kwenye matete, funguo za ghala zimefungwa kiunoni. Winifrida hakulia mazikoni.

"Lia, shemeji," alimsihi Bazilio, mdogo wa marehemu, ambaye ndiye alikuwa mwenyekiti wa kijiji.

"Nitalia huyo mtu wa ripoti akirudi."

Akarudi, Machi iliyofuata. Safari hii alitaka kamati ya wanakijiji na watafiti, wajiandae pamoja kwa maafa. Winifrida alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono.

"Pole sana kwa msiba, mama," Leonidasi alimwambia.

"Nimeshapoa," alijibu, akatabasamu.

Alhamisi moja asubuhi Winifrida aliona siafu wakipita nyuma ya jiko lake, wamebeba mayai meupe, wanapanda. Busunzu jua liliwaka, ila milima ya upande wa Burundi ilikuwa nyeusi tii. Aliwatazama siafu mpaka wa mwisho akapita. Kisha akakaza kanga, akaenda kumwita mtafiti.

"Twende nikuonyeshe maji yalifika wapi."

Ghala lilikuwa limebaki kuta tu. "Pima alama ya maji kwenye kuta zote nne, bwana, usikosee," alisema. "Mimi nachuma mboga hapo juu." Akapanda mteremko, akaketi juu ya jiwe, mikono mitupu.

Maji yalikuja ya kahawia, yakibeba migomba na mizizi yake. Leonidasi aliposhtuka, bonde lilikuwa limeshajaa. Akaparamia ukuta.

"Mama Winifrida! Kamba! Niitie watu!"

Winifrida hakuinuka jiweni. Kelele zile ndizo zilizowaleta watu kutoka mashamba ya mihogo, Bazilio mbele na kamba ya ng'ombe. Winifrida akaikanyaga.

"Subiri, shemeji. Aseme kwanza." Akapaza sauti. "Pasikali alikwambia nini?"

"Kwamba maji yatafika!"

"Na wewe ukaandika nini?"

"Kwamba ni hadithi za wazee!"

"Rudia!"

Akarudia, analia. Watu wote wakasikia. Pembe moja ya ukuta ikamomonyoka, na bado Winifrida hakuondoa mguu. Bazilio akamsukuma, Winifrida akaanguka matopeni. Bazilio akajifunga kamba kiunoni, vijana wakashika upande wa pili, akaingia majini.

Walimtoa Leonidasi akiwa hai, mguu umevunjika.

Baada ya miezi mitatu alirudi kwa magongo na ripoti mpya. Ghala lingejengwa mlimani, na kila mvua wazee wangetoa taarifa ya siafu na ya mto, ipelekwe wilayani. Jina la Pasikali lilikuwa ukurasa wa kwanza. Alimpa Winifrida nakala kwa mikono miwili.

"Nilitaka ufe," Winifrida alimwambia.

"Najua, mama."

"Hata sasa sijakusamehe."

"Hilo pia najua."

Ghala la mlimani lilijengwa, na mvua zilizofuata hazikuua mtu. Winifrida hakujitoa kwenye kamati. Kila kikao alivuta kigoda chake, akakaa ana kwa ana na Leonidasi, akamkazia macho. Mtafiti kila alipoandika neno la mwanakijiji, alilisoma kwa sauti, kisha akamtazama Winifrida kwanza kabla ya kuendelea.