Shamba la Midalasini

Kwa Waluguru ardhi hufuata upande wa mama, na msemaji wake ni mjomba. Mjomba Kleofasi alikuwa amemwahidi mpwa wake Skolastika, mwanafunzi wa sheria, shamba la midalasini pale Kinole, naye Skolastika akaahidi kuja kumtunza bibi kila likizo. Safari hii alipanda mlimani na somo la mikataba likiwa bado la moto kichwani. Alipotoa shikamoo tu, akaanza kuhutubu.

"Mjomba, ahadi za ndugu hazina nguvu kisheria. Likizo ijayo nabaki mjini."

Kleofasi aliendelea kumenya chungwa, wala hakukunja uso.

"Kwa hiyo mahakama haiwezi kukulazimisha?"

"Haiwezi."

"Na mimi je, kuhusu shamba, itanilazimisha?"

Skolastika aliitazama midalasini. Jibu alilijua vizuri. Kwenye mtihani lilimpa alama zote.