Nguzo Fupi ya Namba Mbili

Mjukuu wangu alipoacha kugonga vitufe, nikajua kuna jambo. Tangu asubuhi ile ya Jumapili alikuwa ameinamia kompyuta mezani kwangu, mimi kando yake nachambua mchele, na vidole vyake havikupumzika. Sasa vilitulia. Akaniita, "Bibi," macho yakibaki kwenye kompyuta.

Nikasubiri. Mtu akikwama, maswali yanamzamisha zaidi.

Yeye na mama yake, ambaye ni binti yangu, wanafanya kazi kwenye kiwanda kimoja cha kutotolesha vifaranga. Mama analea mashine namba kumi. Mtoto yuko ofisini, anapiga hesabu. Wiki iliyopita wakubwa walitaka kujua ni mashine gani inayoharibu mayai. Basi mjukuu akaipa programu takwimu zote, izigawe kwa mashine, itoe wastani wa mayai yaliyoanguliwa kwa kila moja. Mwanzoni ilimgomea. Siku za kukatika umeme hakuna aliyeandika kitu, na programu ikikuta pengo inasusa hesabu nzima. Akaiamuru iruke mapengo, ikatii. Akachora mchoro wa nguzo kumi, moja kwa kila mashine, na moja ikatoka fupi kama kisiki. Chini yake pameandikwa: mbili.

Mashine namba mbili ni ya mzee mmoja tunayemwita Baba Vifaranga, kwa kuwa hupima joto la yai kwa kuliweka kwenye kope la jicho. Kwa mchoro huo ameambiwa Jumatatu akabidhi funguo, aondoke kazini.

Sasa bosi alitaka mchoro utiwe rangi, upendeze kikaoni kesho. Mara ya kwanza mjukuu aliandika majina ya nguzo mwenyewe, moja hadi kumi. Leo akaiachia programu iandike. Nguzo fupi ikabaki palepale ilipokuwa. Jina la chini yake ndilo lililobadilika: kumi.

Alinieleza taratibu, jasho likimtoka puani. Programu ilizichukua namba kama majina ya watu, ikazipanga kwa kuanza na alama ya kwanza, kama mwalimu anavyopanga majina ya darasa. Kumi huandikwa ikianza na moja, kwa hiyo ikakaa mgongoni mwa moja, mbele ya mbili. Yeye akazibandika majina kwa mpangilio tunaohesabu sisi binadamu. Kuanzia nguzo ya pili, kila mashine ikavaa shati la mwenzake.

Nikamuuliza kama ana hakika.

"Natamani nimekosea, Bibi."

Akachukua takwimu za namba kumi peke yake, akazipigia hesabu kwenye simu yake. Jibu lilelile. Akazipiga za namba mbili. Mashine ya mzee haikuwa na ubaya wowote.

Mama yake akaingia na beseni la nguo alizoanua, akatutania kwamba tumenyamaza kama wezi wa kuku. Mtoto akamgeuzia kioo cha kompyuta na kumweleza. Binti yangu akatazama sana. Akasema programu hiyo ina wazimu, juzi imesema mbili, leo kumi, kesho itasema ni bibi. Kisha akashika yale mapengo: huenda yamemwonea yeye. Mtoto akajibu kwamba yamerukwa kwa wote sawa.

Beseni likawekwa chini. Sauti ya binti yangu ikashuka.

"Ule mchoro wa kwanza wameshauona?"

"Wameuona."

"Basi si wameuona, yaishe."

Hapo nikaacha mchele. Nilimzaa mimi huyu. Sauti yake ya chini naijua.

"Mwanangu, ulijua?"

Akaanza kukunja shati ambalo lilikuwa limekwisha kunjwa. "Kila nikifungua mlango, mama, nazoa mayai yaliyofia ndani. Mchoro ulipotoka ukasema ni mbili, nikajiambia kompyuta inajua kuliko macho yangu. Nikanyamaza."

Mjukuu alikuwa ameweka kidole juu ya kitufe cha kumtumia bosi mchoro mpya. "Mama, nikituma, huenda tukafukuzwa wote wawili. Mimi ndiye niliyechora uongo."

"Na usipotuma?"

"Anaondoka asiyehusika."

Binti yangu akanigeukia. "Mama, sema basi."

Nilikuwa na la kusema, tena lilinifika kooni. Lakini nikimwamulia mimi, kesho angesema mama ndiye aliyemponza. Nikamwambia namsubiri yeye. Akanikasirikia kwa macho, akaenda mlangoni, akarudi, akasimama nyuma ya kiti cha mwanawe.

"Tuma."

Mtoto hakusogea.

"Tuma kabla sijageuka. Halafu nipe simu. Mzee asije akayasikia haya kwa watu."

Kitufe kikabonyezwa. Simu ikaita mpaka ikakatika. Binti yangu akapiga tena, mkono mwingine kauminya kwapani kama mwenye baridi. Safari hii ikapokelewa, nikaisikia sauti ya mzee, nzito, ya mtu aliyekuwa amejilaza mchana.

"Shikamoo, baba," akasema binti yangu. "Ni mimi wa namba kumi. Hizo funguo usizipeleke."