Bomba la Kupita kwa Jirani

Emerance alipochimbisha chumba chini ya nyumba yake ya mtaa wa Nyakasanza, aliwaambia watu ni cha kuwekea viazi. Fundi Étienne peke yake aliambiwa ukweli: kilikuwa cha kujificha. Vita vimekwisha, redio ilisema hivyo kila asubuhi. Lakini mwaka 2003 jirani mmoja wa wakati huo aliwaonyesha wenye bunduki ghala walimojificha Emerance na dada yake, na dada hakutoka hai.

Kuta zilipokamilika, Étienne alisimama ukingoni mwa shimo akivunjavunja donge la udongo mwekundu kiganjani.

"Mama, udongo hii hatuwezi kuirudisha nyuma ya ukuta. Ikikunywa maji inavimba, inasukuma. Tuweke graviye, ile mawe ndogo-ndogo, na chini yake tuyo, bomba ya kutoa maji."

"Hiyo tuyo itatokea wapi?"

Étienne alielekeza kidevu mteremkoni, kwenye uzio wa matete. "Kule tu. Kwa Mama Alphonsine."

"Hapana."

"Bila tuyo, maji itabaki mule mule kwenye graviye."

"Basi acha graviye. Mutu akiona maji inatoka chini ya nyumba, atajua kuko chumba. Rudisha udongo, ushindilie sana."

Étienne alirudisha udongo. Siku nzima alishindilia.

Mvua ya Oktoba ilinyesha siku nne. Siku ya tano ukuta wa upande wa juu ulikuwa umefura kama tumbo, umepasuka katikati, na maji yalimfika Emerance magotini. Alikuwa akitoa tope peke yake alipoinua macho akamwona Alphonsine mlangoni, ndoo mkononi.

"Nimekuja kukusaidia kuchota."

"Ni viazi tu, iliharibika," Emerance alisema haraka.

"Viazi gani? Tangu mwanzo nilijua. Nilisikia namna mulikuwa munachimba." Alphonsine aliweka ndoo chini polepole. "Étienne ameniambia tuyo ilipaswa kupita kwangu. Kwa nini hukuniomba?"

Emerance aliinama akaendelea kuchota tope.

"Siye tumezalishana, weye na miye. Wangu uliwapokea kwa mikono yako. Kumbe hata miye ulikuwa unaniogopa, unanificha."

Alphonsine mwenyewe ndiye aliyefungua uzio siku Étienne alipokuja kuchimba upya. Udongo wote uliondolewa, ukuta ukajengwa upya, bomba likalazwa chini hadi kwenye mtaro wa Alphonsine, na graviye ikamwagwa juu yake hadi ukutani juu. Mvua zilizofuata, chumba kilikaa kikavu kabisa.

Asubuhi Emerance humsalimu jirani yake juu ya uzio. Alphonsine huitikia "Jambo" bila kusimama, kama anavyowaitikia wapita njia. Anakijua chumba, anajua maji yake yanakotokea, na kumpenda mwenye chumba hampendi tena. Emerance hajashuka mule tangu bomba lilipolazwa.